Barua kutoka Unguja: Mwalimu wa Sikio ni Mdomo

Kikwajuni, Unguja

Mdogo wangu mpendwa,

Mimi nimefika salama, shangazi hajambo, watoto wake nao wazima, na kila aliyesikia kwamba siku hizi unapiga kinanda ameniuliza utakuja lini uwapigie. Nimewaambia wavute subira, bado unajifunza.

Swali lako nimelibeba kutoka Dodoma hadi huku. Uliniuliza inakuwaje wenzako wa kwaya wasikie wimbo mara moja tu na vidole vyao viufuate, wakati wewe unakaa jioni nzima ukibonyeza nota moja moja kuitafuta sauti ya kwanza. Ukauliza pia kama sikio la muziki mtu huzaliwa nalo, ili kama hukujaliwa ujue mapema. Nakujibu kwa moyo wote: sikio hufundishika, na mwalimu wake wa kwanza ni mdomo wako mwenyewe. Haya niliyoyaona huku yamenithibitishia hivyo, na ndiyo maana barua imekuwa ndefu.

Nianze na safari. Hii treni yetu ya umeme, iliyoanza kubeba abiria wa Dodoma mwaka 2024, hutoa mlio unaopanda taratibu kila inapoondoka stesheni. Nimekaa dirishani nikaufuata mlio ule mdomo umefumba, nikipanda nao mpaka ulipotulia. Kuanzia Dar es Salaam nikachukua boti, na humo ndimo nilimopata darasa zuri zaidi. Injini ya boti ikishashika mwendo, huvuma kwa sauti ileile moja karibu njia nzima. Nikaufanya mvumo ule do yangu. Nikaimba re juu yake, nikasikia sauti mbili zikisuguana. Nikaimba mi, mambo yakachangamka. Nikaimba so, zikakaa pamoja kana kwamba ni sauti moja iliyonenepa. Nikapanda hadi ti na kuishikilia, na mwili mzima ukataka nimalizie do. Upepo ulikuwa mkali, hakuna abiria aliyenisikia.

Zoezi hilo unaweza kulifanya nyumbani leo. Weka kinanda kwenye sauti ya ogani, bonyeza nota moja ya chini kwa mkono wa kushoto, usiiachie. Iite do. Halafu imba so bila kuibonyeza, uisikilize inavyokaa. Imba fa, imba la, imba ti. Kila moja ina tabia yake mbele ya do: so imetulia, ti ina haraka ya kwenda juu, fa inapenda kushuka kwa mi. Ukishazijua tabia hizo hutahitaji kuzihesabu nota. Kesho yake hamisha do yako iwe nota nyingine, urudie, na utakuta tabia ni zilezile. Hapo utaelewa kwa nini mwalimu wa kwaya huandika juu ya karatasi kwamba do ni G au do ni F kisha wote wakaimba bila shida. Sikio la mwanamuziki hufanya kazi ya kulinganisha. Wapo watu wachache wanaoweza kuitaja nota wakiisikia peke yake bila kulinganisha na kitu, na ni jambo la ajabu, lakini wanamuziki wengi wazuri hawana uwezo huo na hawauhitaji.

Sasa nikupeleke mjini. Huku siku huanza kwa adhana, na mara nyingi utaisikia katika maqamu ya hijazi au rasti. Maqamu ni mpangilio wa sauti na njia ya kutembea ndani yake: wapi pa kuanzia, wapi pa kupumzika, wapi pa kupandia. Kisha asubuhi, ukipita kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, utasikia watoto chuoni wakisoma. Maalim anasoma, wao wanarudia, anawasahihisha, wanarudia tena. Kisomo cha Kurani ni ibada, wenyewe hawakiiti muziki, nami nakiheshimu hivyo hivyo. Ila mtoto aliyekaa miaka kwenye mkeka ule, akirudia kwa mdomo kile alichokisikia, anatoka na sikio lenye kubagua sauti ambazo kinanda chako hakina. Akija kushika udi, chombo cha nyuzi, ukubwani, nusu ya kazi imeshafanyika.

Kwa msaada wa shangazi nikapata ruhusa ya kukaa kwenye mazoezi ya kikundi kimoja cha taarabu asilia. Lazima ujue uko wapi unapokaa kwenye benchi kama lile. Historia ya taarabu inasimulia kwamba Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim nchini Misri kujifunza chombo cha nyuzi kiitwacho ganuni, naye akarudi kuwafundisha wengine. Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905 na ingali hai. Culture Musical Club ilianza 1958 ikiitwa Shime Kuokoana. Na tangu mwaka 2002 pana Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, ambako vijana hufundishwa muziki wa maandishi pamoja na maqamu na ngoma za kwetu. Lakini kwa sehemu kubwa ya historia hiyo ndefu, sauti zilipita kutoka mdomoni kwenda sikioni. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye sahani za santuri, hakusoma nota za karatasi. Wanamuziki waliomfuata walizipiga sahani zake, na zile za Misri, wakazirudia na kuzirudia mpaka tuni ikaingia.

Mazoezini palikuwa na maalim wa udi na vijana wa rika lako, wageni kabisa kwenye chombo. Udi zao walikuwa wameziegemeza ukutani. Maalim akapiga kipande kifupi, sauti nne tano hivi, nao wakakiimba kwa la-la-la. Aliyekwenda pembeni hakutajiwa nota wala hakuonyeshwa kidole. Alipigiwa tena polepole, akaimba tena, mpaka sauti yake ikazama ndani ya sauti ya udi usiweze kuzitenganisha. Ndipo maalim akampa ishara akachukue udi wake na kukitafuta kipande kile kwenye nyuzi.

Baada ya mazoezi nikamwamkia na kumuuliza kwa nini hawapi vyombo tangu mwanzo. Akaniambia: "Kidole kikitangulia, mwanangu, sikio hulala. Asichoweza kukiimba mtu, bado hajakisikia."

Nimelitafakari neno hilo na naona lina sababu yake. Ukibonyeza kinanda, nota inatoka sawasawa hata kama kichwani mwako hamna kitu. Chombo kimekusaidia kuamua. Ukiimba, koo haliwezi kutoa sauti ambayo hukuiamua kwanza ndani. Kwa hiyo kila unapoimba unalilazimisha sikio lifanye kazi kabla ya sauti kutoka, na hapo ndipo linapokomaa. Udi wenyewe hukulazimisha pia, maana shingo yake haina vile vyuma vya gita vinavyokuonyesha pa kukanyaga. Kidole kikisogea kidogo tu, sauti inabadilika, na wa kukuambia umefika ni sikio pekee.

Nikafundishwa rasti. Inaanza do, re, vizuri tu. Halafu inakuja sauti ya tatu, na hapo mtu wa kwaya hushtuka. Ipo chini ya mi yetu, na ipo juu ya mi iliyoshushwa nusu sauti, katikati ya hizo mbili. Huiita robo sauti. Nilipoisikia mara ya kwanza kwenye udi, kichwa changu kiliisogeza chenyewe hadi kwenye mi niliyoizoea. Sikio lililokulia kwenye kinanda hufanya kama muuza duka asiye na chenji: hukurudishia kwa sarafu iliyo karibu, halafu hesabu ikawa imekwisha. Maalim akashika do kwenye udi, akaniambia niimbe mi yangu ya kanisani, kisha niimbe ile ya chini, kisha nitulie katikati. Koo huteleza, mara juu, mara chini. Unarudi, unateleza tena, unarudi. Kisha kuna wakati inakaa, na ukishaisikia imekaa, utashangaa ilikuwa imejificha wapi siku zote. Ina utamu wake, tena utamu wenye heshima fulani, na hakuna nota nyingine inayoweza kusimama mahali pake.

Wala usidhani robo sauti ni kipimo cha rula. Mwaka 1932 wataalamu wa muziki kutoka nchi za Kiarabu, Uturuki na Ulaya walikutana Cairo, na moja ya mambo waliyoyajadili sana lilikuwa kama mpando mzima, kuanzia do hadi do ya juu, ugawanywe katika robo sauti 24 zilizo sawa. Vitabu vingi vya kufundishia hugawa hivyo hadi leo, lakini wapigaji hawabanwi na mgawanyo huo. Sauti ile ya tatu Waturuki huipandisha zaidi kuliko Wamisri. Kila mji una mahali pake, na mwanafunzi hupajua kwa kukaa na wakubwa na kuimba nao.

Usije ukasema hayo ni ya watu wa pwani. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walitoa utafiti ambapo watoto wachanga wa miezi 6 walisikilizishwa tuni za mpangilio wa Kizungu na za mpangilio uitwao pelog wa kisiwa cha Java, huku baadhi ya sauti zikipotoshwa kidogo. Watoto wale walizigundua zilizopotoka katika mipangilio yote miwili kwa usawa. Watu wazima ndio waliofanya vizuri zaidi kwenye ule waliokulia nao. Maana yake sikio ulizaliwa nalo limefunguka, na mazoea ndiyo yaliyolielekeza upande mmoja. Mazoea mengine yanaweza kulielekeza kwingine, hata kwa mtu mwenye umri wangu.

Na sisi watu wa Dodoma tuna hazina yetu. Unakumbuka jinsi akina bibi wanavyoimba kwenye muheme, ngoma ya Wagogo wa kwetu, sauti zikipandana bila mtu kushika karatasi, na jinsi kinanda kikijaribu kuwafuata kinavyoonekana kimekwenda kando? Kinanda kiko sawa na akina bibi wako sawa. Mtafiti wa Austria, Gerhard Kubik, ameeleza kwamba mpangilio wa sauti wa Wagogo umefuata sauti zile za asili zilizomo ndani ya uzi wenyewe. Unaweza kuzisikia. Azima gita, ugonge uzi mnene huku ukiugusa kidogo tu kwa kidole, bila kuukandamiza. Ukigusa katikati utapata do ya juu. Ukigusa kwenye theluthi utapata so. Kwenye moja ya tano utapata mi iliyo chini kidogo ya mi ya kinanda. Kwenye moja ya saba itatoka sauti iliyo chini ya ile ti iliyoshushwa ya kinanda, kwa takriban theluthi ya nusu sauti. Sauti hizo zimo kwenye vyombo vya Wagogo, zeze na ilimba, na marehemu Dkt. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alizipeleka kwenye majukwaa ya dunia bila kuzisogeza zifanane na za kinanda. Kwa hiyo usimcheke mzee yeyote wa kijijini kwamba hajui sauti. Kaa karibu yake, uimbe naye.

Pamoja na hayo, usiitupe solfa yetu. Hizo herufi d, r, m, f, s unazoziona kwenye karatasi za kwaya zilianza na mwalimu mmoja mwanamke wa mji wa Norwich huko Uingereza, Sarah Glover, aliyetaka watoto waimbe kwa usahihi. John Curwen, aliyezaliwa 1816, akaiboresha na kuisambaza, kisha wamisionari wakaja nayo huku kwetu. Zoltán Kodály wa Hungaria naye aliichukua kuwa msingi wa mafundisho yake kwa watoto wa shule. Uzuri wake ni kwamba kila herufi ni tabia ya sauti mbele ya do, yale yale niliyokueleza kwenye boti. Tatizo letu ni kwamba wengi huzisoma herufi kama namba za vidole. Wewe zisome kwa kuimba.

Nirudi mazoezini, kwa sababu kuna jambo jingine litakalokusaidia kanisani moja kwa moja. Taarabu asilia hupenda kufungua kwa bashraf, kipande cha vyombo vitupu bila mwimbaji. Fidla, ganuni, filimbi ya nai, udi na akodiani hufuata tuni moja, lakini kila chombo huipamba kivyake. Ganuni, yenye nyuzi zaidi ya 70, inamwaga sauti ndogondogo, nai inavuta pumzi ndefu, fidla inateleza. Maalim akanipa kazi: nifuate nai peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, nisiiachie hata ikifunikwa. Kipande kilipopigwa tena, nikafuata udi. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, maana sikio hukimbilia penye kelele. Lakini ukiweza kukishika chombo kimoja ndani ya vingi, wimbo unafunguka mbele yako tabaka kwa tabaka.

Sasa uwasikilize hao wenzako unaowaonea wivu. Nakuhakikishia hawatafuti nota zote za wimbo. Wanasikia do ilipo, kisha wanaifuata besi. Nyimbo nyingi za kanisani hutembea juu ya kodi tatu tu: ya do, ya fa na ya so. Besi ikikaa do, mara nyingi kodi ni ya do. Ikishuka kwenda so, jiandae kwa kodi ya so. Kuna wakati besi huimba mi huku kodi ikiwa bado ya do, na hiyo nayo utaizoea. Wewe umezoea kuifuata sauti ya kwanza kwa sababu ndiyo yenye maneno yanayosikika. Jumapili hii kaa nyuma ya watu wa besi, uimbe nao kwa sauti ya chini wimbo mzima.

Mdundo nao huanzia mdomoni. Mpiga dumbaki aliniketisha na kunikataza kugusa ngozi. Pigo la katikati huitwa dum, la ukingoni tak, na tulizisema dum na tak kwa midomo, tukipiga makofi, kisha tukitembea chumbani, mpaka miguu yenyewe ikawa inajua pigo zito linaangukia wapi. Nikakumbuka jinsi unavyoharakisha ukifika kwenye kiitikio. Ukianza kusema mdundo kwa mdomo kabla ya kupiga, haraka hiyo itakwisha.

Na siku ukijifunza kutyuni gita, zima programu ya simu kwanza. Piga nyuzi mbili zinazotakiwa kuwa sauti moja na usikilize kati yake. Uzi mmoja ukitetema mara 440 kwa sekunde na mwingine 442, utasikia wimbi likipanda na kushuka mara mbili kila sekunde. Kaza au legeza taratibu. Wimbi linapungua kasi, linapungua tena, kisha linatoweka na nyuzi zinakuwa kitu kimoja. Baada ya hapo washa programu uhakiki. Ukifanya hivyo kila siku, sikio lako litaanza kukereka lenyewe chombo kikitoka kwenye sauti.

Nakupangia hivi. Kila siku dakika kumi, zisizidi, kwa sababu sikio huchoka kabla ya vidole, na kidogo cha kila siku hushinda kingi cha Jumamosi. Dakika tatu shika do kwenye ogani uimbe juu yake. Dakika tatu chukua wimbo mmoja unaoujua, uuimbe kwa herufi za solfa bila karatasi. Dakika tatu sikiliza wimbo wowote ukifuata besi peke yake. Dakika iliyobaki sema mdundo wa wimbo huo kwa mdomo ukipiga makofi. Baada ya hapo ndipo ufungue kinanda upige utakacho, na kila kipande kipya ukiimbe kwanza. Wiki za mwanzo utaona kama hakuna kinachotokea. Endelea tu.

Nina ombi moja. Jumapili jioni jirekodi kwa simu ukiimba besi ya wimbo mlioimba asubuhi, bila kinanda, uniandikie pembeni unadhani kodi zake ni zipi, kisha nitumie. Nitakujibu palipo sawa na palipobaki. Nami nitakutumia kipande cha rasti nilichofundishwa, ukiimbe mbele ya mama umuulize kinamkumbusha nini.

Wasalimie mama na baba, na mwambie mwalimu wa kwaya kwamba nikirudi tutaomba nafasi kidogo kabla ya mazoezi, tuimbe na wageni wote kabla hawajagawiwa karatasi.

Wako akupendaye,

Dada yako